Nani Atasimama Nyuma ya Lori Lake

Dada yake Taratibu alifika yadi ya malori mapema, akasalimia watu vizuri, nikamkaribisha kiti kwenye banda langu la kushonea maturubai, akakaa. Lakini mkoba hakuushusha begani. Nikamwambia auweke tu mezani, humu hakuna mwizi. Akasema yuko sawa hivyohivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi, maana mgeni asiyeshusha mkoba ameshapanga kuondoka.

Nikajitia hamnazo. Nikaendelea kusukuma turubai chini ya sindano ya cherehani huku namwangalia kwa pembeni. Alikuwa na sura ileile ya mdogo wake, ile ya upole inayokufanya umwagie mtu mambo yako yote kabla hujaulizwa. Nilimpa chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili mpaka chai ikapoa, na hakuionja.

Niwaeleze kwanza, maana asiyeijua yadi yetu hatanielewa. Mama Matrela, mwenye malori, ana utaratibu wake ambao sijausikia kwenye kampuni nyingine yoyote. Dereva mpya anaweza kuja na leseni inayong'aa na vyeti vya kila chuo cha udereva, kwake hizo ni salamu tu. Siku ya mwisho ya majaribio anapewa lori na trela lake, anaambiwa alirudishe nyuma mpaka kwenye jukwaa la zege la kupakilia mzigo, na anayemwelekeza kule nyuma asiwe utingo wa yadi. Awe mtu wake. Mama, mke, kaka, mjomba, yeyote, mradi awe wa kwake na aje kwa hiari yake. Watu walishamwambia kwamba huo ni ushamba. Jibu lake huwa moja tu: mtu ambaye ndugu zake wenyewe hawathubutu kusimama nyuma ya lori lake, yeye amkabidhi mzigo wa watu kwa imani gani? Basi pale kwetu mtu akipata kazi hatusemi ameajiriwa, tunasema amesimamiwa.

Na aliyekuwa asimamiwe siku ile alikuwa Taratibu.

Jina hilo walimpa madereva kwa sababu kila kitu anakifanya polepole, hata kula. Alikuja pale kama mwosha magari. Wenzake wakimaliza lori zima, yeye bado yuko kwenye tairi la mbele anachokonoa tope kwa kijiti. Nami nilimcheka kama wengine, sitaki kujifanya mwema. Mpaka siku aliyoniletea turubai lililochanika, akasimama mlangoni pa banda akisubiri nimwambie aingie. Jamani, hakuna mwanamume pale yadi aliyewahi kusubiri mlangoni kwangu. Wote huingia wakiita "Dada Turubai" kwa sauti ya mnadani. Nikainua macho, naye akanitazama, halafu akayashusha yake haraka kama mtu aliyekamatwa anaonja mboga jikoni. Nikatabasamu.

Badala ya kufurahi, akaniambia palepale: "Kabla hujanichekea tena, ujue nimetoka gerezani."

Wanaume wengine wanakuficha mke na watoto. Huyu alinipa gereza hata jina hajanipa.

Akanieleza yote, amesimama vilevile mlangoni. Alikuwa dereva wa lori dogo la sokoni. Tajiri wake alikuwa mtu wa kuharakisha, utingo hakuja siku hiyo, na yeye akarudisha gari nyuma bila kushuka kutazama. Nyuma palikuwa na mchukuzi na mkokoteni wake. Yule mchukuzi hakuinuka tena. Taratibu akashuka, akaona, akakimbia. Hakukimbilia polisi, alikimbia tu, mpaka nyumbani kwa dada yake, na huko ndiko walikomkuta. Mahakama ilimfunga kwa kuua mtu kwa uzembe na kukimbia, ikamfungia na leseni. Alipotoka gerezani hakugusa usukani mpaka muda wa zuio ulipokwisha, kisha akaanza upya darasani na vijana wanaomwita mjomba, akafanya mtihani wa magari makubwa, akafaulu. Leseni ikatoka. Kazi ndiyo ikagoma. Kila ofisi aliyoingia walifurahia leseni, wakauliza habari za nyuma, akazisema, na sura zikabadilika. Tutakupigia, walimwambia. Simu yake haikulia mpaka nikaanza kumpigia mimi, ili angalau asikie inalia.

Mama Matrela ndiye pekee ambaye hakusema atapiga. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani atasimama nyuma yake. Taratibu akamtaja dada yake, kwa kuwa wazazi walishatangulia mbele ya haki na yeye ndiye aliyemlea. Akapewa siku.

Na ile siku ikiharibika, haikuwa kazi tu inayoharibika. Alikuwa ameshaniambia, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba hawezi kumwendea baba yangu mikono mitupu na kifungo mgongoni. Akipata lori, atamwendea. Akilikosa, ataondoka mji huu, na mimi nisimsubiri. Nilimwambia acha upuuzi, lakini nilimjua. Yule mtu hasemi neno ambalo hajalipima. Tangu siku hiyo nilikuwa nalala na hofu na kuamka nayo.

"Wifi," dada yake akasema.

Nikasimamisha cherehani. Hakuwa ameniita hivyo kabla. Neno lile ningelipokea kwa vigelegele siku nyingine yoyote, lakini alilisema akitazama sakafu.

"Wifi, sitaweza."

Nikamwambia atulie, anywe chai, ni kurudisha gari tu, tena polepole, na yule ni mdogo wake. Akatikisa kichwa. Akasema siku ile mdogo wake alipoingia mbio nyumbani kwake, hakuuliza kitu. Alimvua viatu, akaenda navyo uani kuviosha. Maji yakatoka mekundu, akabadilisha, yakatoka mekundu tena. Wakati huo mdogo wake alikuwa chini ya kitanda, amejikunja, mtu mzima na ndevu zake, meno yanagongana. Anampenda, alisema, angempa hata figo. Lakini alipoingia getini leo akaliona lile trela, alisikia harufu ya yale maji.

"Nikisimama pale nitapiga kelele," akasema. "Nitamharibia zaidi. Bora asiwe na mtu kuliko kuwa na mimi."

Akasimama. Mkoba ulikuwa begani tayari. Alinishika mkono, akanibana vidole mpaka vikauma, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asipishane na mdogo wake. Nami nilibaki na sindano katikati ya turubai.

Taratibu aliona kiti kitupu na kikombe kilichojaa. Hakuuliza. Alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, mikunjo miwili mgongoni badala ya mmoja, na ile mikunjo ilinitia huruma hata nikashindwa kumtazama usoni.

"Amekwenda," nikamwambia.

"Nilijua." Akakaa pale alipokuwa amekaa dada yake. "Nilimwona tangu jana alivyokuwa anakata vitunguu. Sikumlazimisha. Basi, nikamwambie Mama asihangaike kuwaita watu."

"Nitasimama mimi."

Aliinua macho. Tangu nimjue sikuwahi kuyaona vile. Yule mtu aliogopa, akaogopa kwelikweli, rangi ya midomo ikamwondoka.

"Mtu yeyote," akasema. "Si wewe."

"Yeyote nani? Taja jina."

"Hata jiwe. Wewe hapana."

"Kwa nini? Huniamini?"

"Mimi ndiye sijiamini." Alizungumza kwa sauti ya chini, maneno yanatoka kwa shida. "Unajua kwa nini naosha matairi vile? Naangalia kama kuna kitu. Kila lori linaloingia naangalia. Usiku naota narudisha gari na nasikia ule mlio. Sasa wewe usimame pale, mimi nikanyage mafuta? Wewe?"

Nilitaka kumjibu kwa mdomo wangu wa kawaida, ule unaowanyamazisha madereva. Haukupatikana. Nilizunguka meza, nikapiga magoti mbele yake kwenye vipande vya turubai, nikamshika mikono. Ilikuwa baridi. Nikamwambia ukweli, kwamba nami naogopa, kwamba sijui kama nitaweza hata kunyoosha mkono. Lakini naogopa zaidi lile basi atakalopanda kesho. Tukatazamana. Nje kulikuwa na mtu anagonga rimu kwa nyundo, na kila alipogonga nilihisi mikono yake ikishtuka ndani ya yangu.

"Ukisimama, watakuuliza wewe ni nani wangu," akasema. "Mbele ya baba yako."

Hilo, mwenzenu, ndilo nililokuwa nalikwepa kulifikiria.

Kwa sababu baba yangu ndiye Fundi Mkuu wa yadi ile. Kila lori linalotoka, breki zake amezipitia yeye. Mama alipofariki tulibaki wawili nyumbani, mimi na yeye na redio yake, na hakuna jambo langu asilolijua isipokuwa hili moja. Nikaona bora asikie kwangu kuliko kusikia uwanjani mbele za watu. Nikapiga moyo konde, nikaenda karakana.

Alikuwa ndani ya shimo la mafundi, chini ya lori lilelile la mtihani. Nilichuchumaa ukingoni. Nikaona kofia yake na tochi, basi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Nipe spana hiyo ya mwisho, mama." Huniita mama anapokuwa na furaha.

Nikampa spana. Kisha nikamwambia. Nilisema haraka, yote kwa pamoja, kwamba dada yake Taratibu ameshindwa, kwamba mimi ndiye nitakayesimama, kwamba samahani sikumwambia mapema.

Tochi ikaacha kutembea. "Wewe ni nani wake?"

"Ndiye ninayempenda, Baba."

Tone la mafuta likaanguka mahali fulani chini kule. Nilitamani angefoka. Baba akifoka hupoa haraka. Akizungumza polepole ndipo unatakiwa kuogopa, na alizungumza polepole.

"Breki za gari hili nimezifunga kwa mikono yangu," akasema. "Breki naziamini. Anayezikanyaga simwamini."

Nikamwambia ni ajali, Baba, ajali inampata yeyote. Akasema anajua. Hata yeye aliwahi kuacha nati imelegea, gari likafika salama, na mpaka leo anamshukuru Mungu. Kuua kwa bahati mbaya anaweza kumsamehe mtu. "Lakini alikimbia. Alimwacha mwenzake chini, akakimbia."

Nilitaka kusema alirudi. Lakini hakurudi, alitolewa chini ya kitanda. Nikanyamaza.

"Mtu aliyekimbia mara moja, akibanwa atakimbia tena," Baba akaendelea. "Na siku hiyo utakayeachwa pale chini ni wewe. Sikukulea kwa ajili hiyo. Ukienda kusimama nyuma ya gari lile, umeshachagua nyumba yako. Kwangu usirudi."

Akageuzia tochi upande mwingine. Nilisubiri aniite. Nilihesabu boliti za ukingoni, nikajifanya nafunga kiatu. Hakuniita. Nikainuka nikaondoka, machozi yananitoka, nikajifuta kwa kipande cha turubai kilichokuwa mfukoni, kikanikwaruza uso mzima.

Wakati wa mapumziko ya mchana watu wote walikusanyika. Madereva waliketi juu ya matairi mabovu kando ya uwanja, wengine wanakula, na wale wenye midomo walishaanza kuweka dau la soda. Mama Matrela alikaa kwenye kiti chake cha plastiki kivulini, ufunguo wa lori kwenye mapaja. Ni mwanamke mfupi, mpole wa kuangalia, na sijawahi kumwona akipaza sauti. Alimwuliza Taratibu mtu wake yuko wapi.

Taratibu alifungua mdomo. Nilijua atasema sina. Nikatoka mbele.

"Niko hapa, Mama."

Kukawa na minong'ono. Mtu akaguna, mwingine akasema kumbe. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa karakana na tambara mkononi, na sikumtazama, nilimwona tu kwa ngozi ya shingo.

"Dada Turubai?" Mama Matrela akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni wa kwangu, ni mfanyakazi wangu. Kwake wewe ni nani?"

"Nitakuwa mke wake. Akinioa."

Nilisema kwa sauti iliyopasuka katikati. Nilitegemea watacheka. Hawakucheka, na hilo likaniogopesha zaidi. Mama Matrela alimtazama Baba pale mlangoni kwa muda, kisha akampa Taratibu ufunguo.

Lori liliwashwa upande wa pili wa uwanja. Ninayafahamu malori, nimezaliwa katikati yake, lakini kulitazama trela linakuja kinyumenyume kuelekea kwako ni kitu kingine. Nyuma yangu palikuwa na jukwaa la zege, linanifika kifuani. Mbele, ukuta wa chuma unakua. Nikainua mikono kama nilivyowaona utingo wakifanya, njoo, njoo, kulia kidogo. Mikono haikuwa yangu. Trela likapinda, likaanza kuingia, polepole, kwa ule upole wake, na nilianza kufikiri labda itawezekana.

Hapo nikafanya kosa ambalo hata utingo wa siku ya kwanza hawezi kulifanya. Kila lori linaloingia jukwaani, mimi kazi yangu ni kuwahi kwenye kona ya nyuma, upande wa kushoto, ndiko kamba za turubai zinakofungiwa. Nimefanya hivyo kila siku ya maisha yangu pale. Hofu ilipozidi, miguu ikanipeleka ilikozoea. Nikajikuta nimejibanza kwenye ile kona, mkono mmoja umeshika ndoano ya kamba, mgongo kwenye zege. Na trela lilikuwa limepinda. Dereva yuko upande wa kulia. Kwenye kona ile hakuna kioo kinachofika.

Lori likasimama.

Upepo wa breki ukatoka kwa mlio mrefu. Madereva wakaanza kupiga kelele kule kwenye matairi: rudisha, bado nafasi, unaogopa nini. Mmoja akaigiza honi kwa mdomo. Lori halikusogea. Nilitaka kupiga kelele nami, niseme niko hapa, lakini sauti haikutoka. Nikainama, nikachungulia chini ya trela kuelekea mbele, na nikaona mlango wa dereva ukifunguka na buti zake zikigusa ardhi.

Geti la yadi lilikuwa wazi. Mlinzi alikuwa ameliacha ili aje kutazama.

Niliwaza kitu kimoja tu, kwa sauti ya Baba. Akibanwa atakimbia tena. Sikuogopa tena kusagwa. Niliogopa zile buti. Zilisimama pale chini ya mlango, zimeelekea getini, na mimi nikiwa nimeinama nikazikodolea macho, nikisema moyoni usikimbie, tafadhali, nipitishie gari juu lakini usikimbie. Mlango ukabamizwa. Buti zikageuka.

Zilikuja nyuma. Zilikuja haraka kuliko nilivyowahi kumwona yule mtu akitembea.

Alipozunguka kona akanikuta nimeinama, aliegemea trela. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shati limegandamana na mwili. Alinitazama miguuni, kisha mikononi, kisha usoni, kama mtu anayehakikisha vitu vyake vyote vipo.

"Nilikupoteza," akasema. Alikuwa anahema. "Nilikupoteza kwenye kioo."

"Niko hapa."

"Ukisimama hapo sikuoni. Usiponiona mimi ni sawa. Lakini nisipokuona wewe, gari hilo halisogei. Waache waseme."

Mama Matrela alishafika, na kundi nyuma yake. Akauliza nani amemwambia dereva ashuke katikati ya kazi. Taratibu akajibu kwamba hakumwona mtu wake. Mama akamwambia zilibaki hatua chache tu. Akarudia vilevile, bila kupandisha wala kushusha: hakumwona mtu wake. Mmoja wa madereva akacheka kwa pua. Mama Matrela hakucheka wala hakununa. Alisema basi, mtu wake asimame panapoonekana, au wafunge kazi, watu wana safari.

Taratibu akarudi kwenye usukani. Nami nikataka kusogea, jamani, wallahi nilitaka. Miguu iligoma. Mkono uliokuwa umeshika ile ndoano haukuachia. Injini ikaunguruma, chuma chote kikatetemeka mgongoni kwangu, na nikajua kwamba ndiyo basi, nimemharibia mimi, si dada yake, ni mimi mwenyewe na mdomo wangu. Nikafumba macho.

Kisha nikasikia harufu ya grisi. Mkono mgumu ukanishika kiganja, ukafungua vidole vyangu kutoka kwenye ndoano, kimoja kimoja.

"Twende," Baba akasema.

Alinivusha nyuma ya trela, tukapita katikati ya chuma na zege, mimi na yeye. Alitembea bila haraka na bila kutazama lile lori hata mara moja. Akanifikisha upande wa kulia, akanishika mabega, akanisimamisha, akanisogeza hatua moja nje.

"Hapa ndipo anapokuona," akasema. "Inua mkono."

Nikauinua. Kule mbele, ndani ya kioo, kidogo sana, nikayaona macho ya Taratibu. Yalikuwa yamejaa maji. Nilidhani Baba ataondoka. Nilimsubiri aondoke. Badala yake alisimama begani kwangu, akakohoa, akainua mkono wake mweusi wa mafuta karibu na wangu.

"Rudisha gari," akaita. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mtu yule.

Trela likaja. Lilikuja polepole mpaka nikahisi pumzi yangu inagonga chuma. Baba alikuwa anaonyesha kwa vidole viwili, kushoto, nyoosha, njoo, njoo, na mkono wake mwingine ulikuwa umenishika nyuma ya blauzi kama alivyokuwa akinishika barabarani nikiwa mdogo. Nilihisi unatetemeka. Baba yangu, ambaye sijawahi kumwona anatetemeka hata siku ya msiba, alikuwa anatetemeka vilevile kama mimi, na hakuondoka.

Akakunja ngumi. Lori likasimama. Nafasi iliyobaki kwenye zege ungeweza kuipima kwa kiganja.

Hakuna aliyepiga makofi. Taratibu alizima injini, akabaki ndani kwa muda, paji la uso kwenye usukani, kisha akashuka akishikilia mlango. Mama Matrela alimpokonya ufunguo mkononi, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akamrudishia. Akamwambia safari ya kwanza ni kesho, asichelewe. Halafu akamgeukia Baba.

"Fundi Mkuu, sheria ya hapa unaijua. Anayesimama nyuma ni mtu wake. Wewe ulikuwa unafanya nini kule?"

Yadi nzima ilimtazama Baba. Mimi nilitazama chini, kwenye viatu vyangu. Akianza kusema, niliwaza, atasema alimfuata binti yake tu. Na itakuwa kweli. Na nitakwenda kukusanya nguo zangu.

Baba alijifuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole, kwa muda mrefu.

"Sheria naijua," akasema.

Akakunja tambara akalitia mfukoni. Akamtazama Taratibu kwa mara ya kwanza tangu yule mtu aanze kuosha magari pale, akamtazama mpaka nikaogopa upya.

"Jumapili utakuja nyumbani," akamwambia. "Uje na mtu mzima wa kwenu. Yule dada yako, mwambie asiogope, atakaa ndani na huyu binti yangu."

"Ndiyo, Mzee," Taratibu akasema.

Baba akaanza kurudi karakana. Alipofika mlangoni akasimama, hakugeuka.

"Na uje kwa miguu."